Vyuma, Stamina na Wepesi wa Viungo: Nani Asikilizwe?

Anayeingia jimu kwa mara ya kwanza, iwe Magomeni, Kisumu au Mombasa, hupewa ushauri wa aina tatu kabla hajatoka jasho. Mmoja humwambia apige vyuma vyepesi kwa marudio mengi ili apate stamina. Mwingine humcheka: vyuma vyepesi ni kupoteza muda, abebe kizito na stamina itakuja yenyewe. Wa tatu, mara nyingi mchezaji wa zamani wa mpira, humtisha kwamba vyuma vya aina yoyote vitamkakamaza mwili, kwa hiyo bora akimbie na kunyoosha viungo. Wote watatu huzungumza kwa uhakika, na kila mmoja ana kifua au miguu ya kuonyesha kama ushahidi.

Ajabu ni kwamba kila mmoja anaweza pia kupata utafiti wa kumuunga mkono. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo unaomtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa yote angalau siku mbili kwa wiki, mbali na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Mwongozo huo haukutaja kilo ngapi wala marudio mangapi. Pengo hilo ndilo linalojazwa na kelele za jimu.

Kelele zingepungua kama maswali matatu yasingechanganywa kuwa moja. Misuli inaweza kutoa nguvu kiasi gani kwa mara moja? Inaweza kurudia kazi ileile mara ngapi kabla ya kuchoka? Na kiungo kinaweza kusogea hadi wapi huku mwenyewe akiwa bado anakimudu? Mambo haya yana undugu, lakini zoezi linalolipa vizuri katika moja si lazima lilipe vilevile katika mengine.

Kanuni iliyotoka hospitalini

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hospitali za jeshi la Marekani zilijaa askari wenye magoti na mapaja yaliyodhoofika baada ya kuvunjika au kupasuliwa. Kawaida ya wakati ule ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudiarudia, na wengi walikaa wodini miezi mingi. Katika Hospitali ya Gardiner mjini Chicago, daktari kijana Thomas DeLorme, ambaye mwenyewe alipenda vyuma, aliugeuza utaratibu huo. Aliwapa wagonjwa uzito mkubwa, akawa anauongeza kadiri walivyopata nafuu. Mwaka 1945 alichapisha matokeo yake, na mwaka 1948 yeye na Arthur Watkins wakaeleza mpangilio wa seti tatu za marudio kumi, ambao makocha wengi wanaufundisha hadi leo bila kujua ulikotoka.

DeLorme aliongeza dai moja. Uzito mkubwa kwa marudio machache, alisema, hujenga nguvu. Uzito mdogo kwa marudio mengi hujenga ustahimilivu. Na njia moja haiwezi kuzaa matunda ya nyingine. Sehemu ya kwanza ya dai hilo imesimama vizuri. Sehemu ya mwisho ndiyo iliyozaa ubishi wa miaka 80.

Upande wa marudio mengi

Jaribio linalotajwa sana ni la Anderson na Kearney, la mwaka 1982. Wanafunzi wa kiume wa chuo nchini Marekani waligawanywa makundi matatu, wote wakisukuma chuma kwa mikono wakiwa wamelala chali. Kundi la kwanza lilibeba uzito unaowachosha kwa marudio 6 hadi 8, la pili 30 hadi 40, la tatu 100 hadi 150. Baada ya wiki kadhaa, nguvu za kundi la chuma kizito zilikuwa zimepanda kwa takribani asilimia 20, wakati kundi la chuma chepesi kabisa lilipanda asilimia 5 tu. Walipopimwa ni mara ngapi wanaweza kusukuma uzito uliokadiriwa kulingana na nguvu mpya za kila mtu, mambo yaligeuka: makundi ya marudio mengi yalipanda kwa zaidi ya asilimia 20, na kundi la chuma kizito likashuka kidogo.

Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Gerson Campos walipata picha inayofanana kwa vijana 32 ambao hawakuwa na mazoea ya vyuma. Waliofanya marudio 20 hadi 28 walishinda katika kurudia, na waliofanya 3 hadi 5 wakashinda katika nguvu.

Sababu zake zinaeleweka. Misuli inayolazimishwa kufanya kazi muda mrefu hujizoeza kutumia oksijeni vizuri zaidi, mishipa midogo ya damu huongezeka kuizunguka, na uwezo wake wa kuvumilia ule mchomo wa mwisho wa seti hukua. Nafsi nayo hujifunza, kwani anayejua ladha ya rudio la 28 hashtuki anapofika la 20.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba ushindi wake unategemea kipimo. Ukipima kwa asilimia ya nguvu za mtu, anayezidi kuwa na nguvu anabebeshwa mzigo mkubwa zaidi kwenye mtihani. Ni haki kwa maabara, lakini maisha hayapimi hivyo.

Upande wa uzito mkubwa

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, ibebwe na nani. Mfuko wa saruji una kilo 50 kwa fundi mwembamba na kwa fundi aliyejazia. Mtu ambaye mwisho wa uwezo wake wa kunyanyua kutoka chini ni kilo 40 anatumia nusu ya nguvu zake kila anapoinua ndoo. Akifanya mazoezi hadi afike kilo 60, ndoo ileile inamdai theluthi moja tu. Hakugusa zoezi la stamina hata siku moja, ila atarudi kisimani mara nyingi zaidi kabla mikono haijalegea.

Msingi wa jambo hili ulichorwa mwaka 1960 na Mjerumani Walter Rohmert, aliyepima muda ambao watu wanaweza kushikilia mzigo bila kutikisika. Mzigo unaodai nusu ya nguvu zote ulishikiliwa kwa takribani dakika moja. Mzigo uliodai sehemu ndogo ulishikiliwa kwa muda mrefu kupita kiasi ambacho hesabu ya kawaida ya nusu kwa nusu ingebashiri. Misuli inayojikaza sana huibana mishipa yake yenyewe ya damu, kwa hiyo mwenye akiba ya nguvu hufanya kazi huku damu ikipita.

Turudi kwa Anderson na Kearney, safari hii kwenye kipimo chao kingine, cha uzito uleule kwa watu wote. Hapo kundi la chuma kizito halikushuka. Lilipanda kwa takribani asilimia 24, dhidi ya 39 na 41 za wenzao. Kwa maneno mengine, utafiti ambao wapenda marudio mengi huuweka mbele kama bendera unakiri kwamba uzito mkubwa nao hujenga ustahimilivu, ingawa kwa kiwango kidogo zaidi. Wanaoutaja mara nyingi husoma jedwali moja na kuliacha la pili.

Hoja hii ina nguvu zaidi kwa wazee. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston waliwafundisha wazee dhaifu kumi wa kituo cha kulelea, mkubwa wao akiwa na miaka 96, kuinua uzito mkubwa kwa mapaja. Baada ya wiki nane, nguvu za waliomaliza zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 174. Kwa mtu ambaye kuinuka kitini kunamaliza karibu nguvu zake zote, kumwambia afanye marudio mengi mepesi ni kumwambia afanye jambo ambalo kwake halipo. Kila kitu ni kizito.

Lakini nguvu nazo zina kikomo cha faida. Mzigo unapokuwa mdogo sana kulinganisha na uwezo, kama hatua moja ya mkimbiaji au kijiti cha mchoraji, kuongeza nguvu juu ya nguvu huleta kidogo. Hapo kinachoamua ni mapafu, moyo, ufundi na mazoea ya kazi yenyewe.

Kati ya pande hizi mbili kuna matokeo yaliyowashangaza wengi. Mwaka 2015 Brad Schoenfeld na wenzake waliwachukua wanaume 18 waliokwisha kuzoea vyuma. Nusu wakafanya marudio 8 hadi 12, nusu 25 hadi 35, wote hadi washindwe kuendelea. Baada ya wiki nane misuli ilikuwa imeongezeka unene karibu sawa. Kuchuchumaa na chuma kizito kuliwapendelea wa kundi la kwanza. Kurudia kusukuma kwa kifua kukawapendelea wa kundi la pili. Maelezo ni kwamba mwili huanza kazi kwa nyuzi ndogo za misuli na kuita kubwa kadiri mahitaji yanavyopanda, na uchovu wa mwisho wa seti ndefu nao huziita nyuzi hizo kubwa. Sharti lake ni moja, nalo hupuuzwa: ili seti nyepesi ilipe, lazima ifikishwe karibu na kushindwa. Anayefanya marudio 30 akizungumza na simu, uwezo wake ukiwa 70, hajengi kitu kikubwa.

Je, vyuma vinakakamaza?

Hofu hii ni ya zamani kuliko jimu za Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 makocha wengi wa Marekani waliwakataza wanariadha kugusa vyuma. Mwaka 1940 Bob Hoffman, mfanyabiashara wa vyuma, alikipelekea Chuo cha Springfield wanyanyuaji wawili, John Grimek na John Davis, mbele ya Peter Karpovich, mtaalamu wa fiziolojia aliyekuwa miongoni mwa wenye mashaka. Grimek, mtu wa misuli minene ajabu, alipanua miguu hadi nyonga zikagusa sakafu. Davis aliruka kichwa chini miguu juu, akiwa na vyuma mikononi. Karpovich hakuishia kushangaa: mwaka 1951 yeye na William Zorbas walilinganisha wanyanyua vyuma 300 na watu 300 wasionyanyua, na kukuta wa kwanza ndio wenye mikono yenye kasi zaidi.

Ushahidi wa siku hizi unakwenda hatua moja zaidi. Uchambuzi wa José Afonso na wenzake wa mwaka 2021 ulikusanya tafiti 11 zilizoshindanisha mazoezi ya nguvu na ya kujinyoosha, na haukuona tofauti ya maana katika upeo wa kiungo kusogea. Mwaka 2023 timu ya Shahab Alizadeh na David Behm ilikusanya tafiti 55 na kuhitimisha kwamba mazoezi ya nguvu huongeza upeo huo. Kuna hali moja iliyotofautiana: mazoezi ya uzani wa mwili pekee hayakuonyesha ongezeko la maana.

Tofauti hiyo inastahili kutazamwa. Chuma hupanua upeo pale kinapokivuta kiungo hadi mwisho wake na mtu akakidhibiti hapohapo. Anayechuchumaa nusu, au anayepiga pushapu bila kifua kukaribia sakafu, anaimarisha kipande cha kati cha mwendo. Misuli inapobeba mzigo huku ikirefuka, kama wakati wa kushusha chuma polepole, nyuzi zake huweza kurefuka zenyewe. Zoezi la mapaja ya nyuma linalopendwa na timu za soka ni mfano mzuri: mchezaji hupiga magoti, mwenzake humshika vifundo vya miguu, naye hujishusha mbele taratibu akijizuia. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliohusisha wachezaji zaidi ya 8,000 ulionyesha kwamba programu zenye zoezi hilo hupunguza majeraha ya misuli hiyo kwa takribani nusu.

Watetezi wa kujinyoosha hawajafungwa mabao yote. Mcheza sarakasi, mcheza karate au mnenguaji anahitaji upeo unaozidi ule unaotolewa na mazoezi ya kawaida ya vyuma, na njia ya kuufikia bado ni kukaa katika mnyoosho mara nyingi. Kujinyoosha kunawezekana chumbani, bila ada, hata kwa mwenye maumivu. Wanachopaswa kukiacha ni ile desturi ya kuvuta msuli mmoja kwa zaidi ya dakika nzima kabla tu ya mbio au mechi, kwani vipimo vinaonyesha nguvu hushuka kwa muda baada ya hapo.

Na kuna upeo usiotokana na zoezi lolote rasmi. Watafiti waliowavisha vifaa vya kupimia Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, kazi iliyochapishwa mwaka 2020 na David Raichlen na wenzake, walikuta wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, muda usiotofautiana sana na wa watu wa ofisini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko hayo ni kuchuchumaa na kupiga magoti, mikao inayoiweka misuli ya miguu kazini. Nyonga na vifundo vinavyoshuka hadi mwisho kila siku havihitaji kufunguliwa na kocha.

Mfano wa mtu mmoja aliyeunganisha nguvu na wepesi ni Julius Yego, Mkenya aliyejifunza sehemu kubwa ya ufundi wa kurusha mkuki kwa kutazama video YouTube. Mwaka 2015 mjini Beijing alirusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Mrusho kama huo unadai bega linalorudi nyuma kabisa, kisha litoe nguvu zote kutoka hukohuko nyuma.

Wakimbiaji na wabeba mizigo

Ubishi mwingine ni kama vyuma vinaiba pumzi, au pumzi inaiba misuli. Robert Hickson alilijaribu hilo mwaka 1980. Kwa wiki kumi kundi moja lilifanya vyuma tu, la pili mbio na baiskeli tu, la tatu vyote kwa ukali uleule. Nguvu za kundi la tatu zilipanda kama za wanavyuma kwa wiki kadhaa, zikasimama, kisha zikaanza kushuka. Lakini uwezo wao wa pumzi haukuumia. Aliyelipa gharama ni msuli, naye alilipa kwa ratiba kali ambayo watu wengi hawawezi hata kuifikia.

Upande wa mbio, Leena Paavolainen na wenzake nchini Finland walionyesha mwaka 1999 kwamba wakimbiaji waliobadilisha sehemu ya mbio zao kwa miruko na mazoezi ya nguvu ya kasi waliboresha muda wao wa kilomita 5, ingawa kiwango chao cha juu cha kutumia oksijeni hakikupanda. Walikuwa wanapoteza nishati kidogo zaidi kwa kila hatua. Haishangazi kwamba hata katika kambi ya Kaptagat alikokulia kimichezo Eliud Kipchoge, mtu wa marathoni ya 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, mikeka na mazoezi ya nyonga na tumbo vina nafasi yake kwenye ratiba. Nafasi ndogo, ni kweli. Kilomita ndizo zinazotawala.

Uhodari wa kubeba nao haupimwi kwa unene wa msuli pekee. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa kamba ya kipaji cha uso. Mizigo ya hadi asilimia 20 ya uzito wao haikuwaongezea matumizi ya nishati. Utafiti wa baadaye kwa wanawake wa Kixhosa nchini Afrika Kusini haukuona unafuu huo kwa wote. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa. Kwa vyovyote vile, miaka ya kubeba hufundisha namna ya kutembea ambayo chuma cha jimu hakiwezi kuifundisha.

Bei ya kila njia

Chuma kizito kinadai vifaa, nafasi, mwangalizi na ufundi. Jimu za mtaani zimelitatua la vifaa kwa gia za magari na makopo ya saruji yaliyounganishwa kwa bomba. Ubunifu huo unafaa, tatizo likiwa kwamba makopo mawili hayalingani uzito na hakuna namna ya kuongeza kilo moja moja.

Chuma chepesi kinahesabiwa kuwa salama. Si kila mara. Januari 2011 wachezaji 13 wa timu ya Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitalini baada ya mazoezi yaliyojumuisha kuchuchumaa mara 100 na chuma cha nusu ya uwezo wao, kwa kushindana na saa. Misuli ilibomoka na mabaki yake kuingia kwenye damu, hali inayoweza kuharibu figo. Dalili yake ya kutisha ni mkojo wa rangi ya kola. Hawa walikuwa vijana wenye nguvu, waliotoka tu likizoni. Kilichowaangusha ni wingi wa ghafla.

Mizani ikisomwa

Ushahidi wenyewe una mapungufu yanayopaswa kuingia kwenye mizani: majaribio mengi ni ya wiki chache, washiriki ni wachache, na mara nyingi ni vijana wa kiume wa vyuo vya Ulaya na Marekani. Hata hivyo unaelekea upande mmoja zaidi ya unavyodhaniwa. Kwa mtu mwenye saa mbili tu kwa wiki, njia inayolipa kwa upana zaidi ni uzito wa kati hadi mkubwa, unaochosha kwenye rudio la 6 hadi la 12, ukishushwa polepole na kwa upeo wote wa kiungo. Hapo atapata nguvu, sehemu kubwa ya wepesi, na ustahimilivu wa kutosha kwa kazi za nyumbani. Seti moja ndefu ya mwisho, ya marudio 25 au zaidi, inaziba pengo la stamina bila kuongeza siku nyingine.

Anayejitenga na kanuni hiyo awe na sababu. Askari anayejiandaa kwa mtihani wa pushapu afanye pushapu nyingi, maana anapimwa kwa kurudia. Mkimbiaji wa masafa abaki na vyuma vizito vichache, mbali na siku za mbio kali. Mcheza sarakasi aongeze kujinyoosha. Mwenye pushapu pekee, bila chuma, atafute namna ya kushuka chini zaidi, kwa mfano kuweka viganja juu ya matofali ili kifua kipite usawa wa mikono.

Kwa aliyevuka miaka 65 mpangilio unabadilika. WHO inamtaka afanye mazoezi ya nguvu na mizani ya mwili angalau siku tatu kwa wiki, na hapa nguvu zitangulie: kuinuka kitini bila kushika mkono wa kiti, kupanda ngazi, kubeba mfuko wa unga kutoka dukani. Akishaweza kuinuka mara moja kwa urahisi, ndipo kuhesabu marudio kunapoanza kuwa na maana.